Leta Uzi

Nilimwahidi Mama Mboga, mke wa Fundi, kwamba jambo nililolisema vibaya mbele ya watu nitalisema upya mbele ya watu. Ahadi hiyo niliitoa asubuhi moja kando ya reli, Laini Saba, Kibera, wakati mkokoteni uliobeba meza ya kazi, misumeno minne na vitanda viwili visivyopakwa vanishi ulipokuwa ukifungwa kamba tayari kwenda Kawangware. Hakulia wala hakunifokea. Alikaza fundo la mwisho, akajipangusa mikono kwa leso yake, akasema, "Mwalimu, wewe una mdomo na una kalamu. Kazi ya mdomo wako tumeiona. Sasa jaribu kalamu." Nikasema nitajaribu. Miaka minne imepita tangu siku hiyo.

Fundi mwenyewe alipopata habari kwamba nataka kumwandika, aliweka sharti moja. "Jina langu wanalo watu wa nyumbani," alisema. "Wewe andika kazi." Kwa hiyo nitamwita Fundi, kama alivyoitwa na kila mtu, na sitaeleza alizaliwa wapi wala na nani, ila kwamba alitoka magharibi ya nchi kama wengi wa majirani zetu.

Nilimfahamu mwanzoni mwa miaka ya tisini, nilipopanga chumba katika ploti waliyokaa. Nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu, nikifundisha katika shule ndogo ya kanisa, nami niliamini kwamba taabu nyingi za mtaa ule zilitokana na watu kutoambiwa ukweli. Naitaja imani hiyo mapema kwa sababu ndiyo iliyomponza Fundi.

Alitengeneza vitanda, madawati na makabati, lakini kazi iliyompa heshima ni majeneza. Watu wa Laini Saba waliotoka ziwani na magharibi hawazikwi Nairobi. Hurudishwa kwao, na safari hiyo hupangwa na kamati ya mazishi ambayo hukutana kila jioni hadi gari liondoke. Kamati huchagua gari, huchagua msemaji na huchagua fundi. Katika kamati ya kanisa letu fundi hakuchaguliwa. Alijulikana tu kuwa ni yeye. Hilo lilikuwa jambo kubwa kwake kuliko alivyopenda kukiri. Mtu ambaye hakuweza kukaa katika kikao cha matanga hata dakika kumi, ambaye hakuimba na wenzake wala kusimama kutoa pole, alikuwa na njia hii moja ya kuwa miongoni mwa watu wa kwao.

Mafundi wengine walipokea vipimo kwa mdomo. Mteja angesema marehemu alikuwa na futi sita kasoro, kifua kipana, mrefu kama yule jamaa aliyesimama pale, na fundi angeinamisha kichwa na kuanza kukata. Fundi wetu hakupokea kipimo cha mdomo hata kutoka kwa mchungaji. "Leta uzi," alisema. Ndugu wa marehemu walikwenda mochari na uzi wa katani, wakampima kutoka utosini hadi kisiginoni, wakakata hapo, kisha wakapiga fundo kuonyesha upana wa mabega. Kwenye ncha moja walifunga kikaratasi chenye siku ya safari. Fundi alikisoma kikaratasi, akautundika uzi kwenye msumari juu ya meza yake, akaanza kazi. Sikuwahi kusikia jeneza lake limembana mtu au limempwaya.

Kazi ikiisha, hakuutupa uzi. Aliukunja na kuutia ndani ya mkebe wa rangi uliokaa juu ya rafu. Mkebe huo ulizungumzwa sana. Wako walioamini kwamba anahifadhi urefu wa wafu kwa shughuli nyingine. Nilipomuuliza, alinijibu kama mtu anayeeleza kwa nini mlango una bawaba: "Mtu akirudi aseme nilikosea, tunapima."

Neno lake la pili lilikuwa "sawa". Vijana waliokaa kwenye kona ya njia ya reli walilijua, na siku zisizo na kibarua walikuja kuchezea.

"Niaje, Fundi! Kesho si tunakuzika?"

"Sawa."

"Na jeneza utajitengenezea mwenyewe, ama tuite fundi mwingine?"

"Leta uzi."

Wakaangua kicheko, mmoja akijipiga paja. "Buda ametuweza! Ati leta uzi!"

Sijui hadi leo kama siku hiyo alikuwa ameyapata maneno yao au alijibu tu kwa mazoea. Ninachojua nilifundishwa na Mama Mboga, akiwa amekaa nje ya mlango wake akikatakata sukumawiki. "Sawa zake ni mbili, Mwalimu. Ile ya haraka ni ya kukufukuza, hajashika hata moja. Ile ya polepole, akishakurudishia maneno yako mwenyewe, hiyo ndiyo sawa." Baada ya hapo nilianza kumsikiliza kwa makini, nikaona ni kweli. Ukimwambia "Naomba rafu tatu, Jumamosi," naye akakuambia "Rafu tatu. Jumamosi," akanyamaza, kisha akasema "sawa," basi rafu zako zilikuwa tatu na zilikuwa tayari Jumamosi. Lakini ukimwambia hayohayo mbele ya saluni, redio ikiimba na wanawake watatu wakizungumza, alisema "sawa" kabla hujamaliza, na ungerudi Jumamosi ukamkuta anashangaa.

Salamu alizimaliza kwa hesabu. Watu wa kwetu huuliza habari za nyumbani, za watoto, za kazi, na yeye alizijibu zote kwa mkupuo, "Nzuri, nzuri, nzuri," wakati mwingine kabla ya swali la pili. Hakumtazama mtu machoni. Alitazama mdomo, kwa ukali wa mtu anayesoma maandishi madogo, na wanawake wasiomjua walijifunika kwa leso wakaondoka wakinung'unika.

Kisha kulikuwa na kofia. Aliinunua Soko la Toi kwenye lundo la mitumba, kofia nzito ya nchi za baridi, yenye manyoya ndani na vipande viwili vya kufunika masikio. Aliivaa mchana wa Januari akipiga randa, jasho likimtiririka shingoni, na watoto wa shule yangu walimpita wakijiziba mdomo. Mimi pia niliiona kuwa kituko, kwa muda wa mwaka mzima, hadi nilipogundua kwamba huivua anapotaka kuzungumza. Mtu akisimama mbele yake, Fundi alimaliza mpigo wa randa, akaiweka chini, akavua kofia, akaishika kwa mikono miwili kifuani. Hapo ndipo mlango ulipokuwa wazi. Mtu aliyeanza kusema kabla ya kofia kuvuliwa alikuwa akizungumza na ukuta. Hakumweleza mtu yeyote kanuni hiyo. Nadhani aliona kuwa iko wazi kwa kila mwenye macho.

Ndani ya nyumba walikuwa na kanuni zao. Mama Mboga hakumwita kutoka chumba cha pili, wala hakusema neno mafuta yakilia kwenye sufuria. Aligonga meza mara mbili kwa kifundo cha kidole, akangoja Fundi ageuke, ndipo akasema, jambo moja. Mambo mazito waliyazungumza alfajiri, kabla ploti haijaamka, kabla ndoo hazijaanza kugongana kwenye mfereji. Kuta zetu zilikuwa za mabati na nilikuwa nikiwasikia, sauti mbili za chini zisizoingiliana, moja ikimaliza kabla ya nyingine kuanza. Nimeishi karibu na ndoa kadhaa za watu waliosikia vizuri, na sijasikia mazungumzo yenye adabu kama hayo.

Usidhani kwamba alikuwa mtu wa masikio mazito. Angeweza kugonga ubao kwa kucha na kukuambia una maji ndani. Alisikia mfereji wa ploti ya tatu ukidondosha matone, akaenda kuufunga, akarudi akiwa amekasirika. Mnong'ono kanisani ulimtesa, kwa hiyo alikaa nje, kwenye kigogo chini ya dirisha, Biblia ikiwa imefunguliwa mahali ambapo mkewe alimwonyesha kwa kidole kabla ya ibada kuanza. Lakini treni ilipopita hatua chache kutoka kwenye meza yake, nasi sote tukakatiza maneno na kukunja nyuso, yeye alivua kofia na kutabasamu. Nilimuuliza kwa nini. "Treni inasema kitu kimoja," alisema. "Watu wanasema vyote."

Wala hakuwa mtu mpole. Alikuwa mkaidi wa kuchosha. Familia moja ilibadili nia ikataka msalaba juu ya kifuniko, naye akakataa kuupigilia kwa kuwa kikaratasi hakikuutaja, hadi shemeji wa marehemu akatafuta kalamu akaandika "NA MSALABA" kwa hasira. Hakuwahi kuomba radhi kwa jambo hilo. Kwa upande mwingine, msusi wa saluni ya jirani alipata benchi la mvule la kukalisha wateja wake bila kulipa chochote, kwa makubaliano kwamba asubuhi redio itaelekezwa ukuta wa pili. "Huyu mzee ananihonga na benchi ninyamaze," msusi aliwaambia wateja wake, na aliyatimiza makubaliano kwa miaka yote niliyokaa pale.

Sasa nifike kwenye kosa.

Alifariki mwanamume mmoja wa kanisa letu, na uzi wake ulifika kwa Fundi ukiwa na kikaratasi kilichosema Ijumaa. Jumanne jioni, katika uwanja wa kanisa, mwenye gari alisema Ijumaa hawezi, na kamati ikahamisha safari hadi Alhamisi. Fundi alikuwa ameitwa. Alisimama pembeni, wanawake wakiimba upande mmoja, watu wawili wakibishana kuhusu viti vya gari upande mwingine. Mwenyekiti wa kamati alimpazia sauti, "Fundi, safari ni Alhamisi sasa, itakuwa tayari?" Fundi akasema, "Sawa." Hakuna aliyebadilisha kikaratasi. Alhamisi asubuhi gari lilisimama kwenye barabara likiwa na watu ndani, na jeneza lilikuwa mbao zilizokatwa. Alilimaliza saa tisa alasiri, mikono ikitoka damu, bila kuinua uso. Walifika nyumbani usiku wa manane, na wazee waliokuwa wakiwangojea walikuwa wameshatawanyika.

Kamati ilikutana kumjadili. Nilikuwapo. Nilitarajia ukatili nikaona huruma. Mwenyekiti alisema, "Yule mzee masikio yamemwisha. Ni kiziwi, tusimlaumu. Siku nyingine tutume mtu amfuate hadi mezani." Wakakubaliana, na Fundi akabaki fundi wao.

Mimi ndiye niliyechukizwa. Neno kiziwi lilinikera, kwa sababu nilijua kwamba si kweli. Nilimwomba Fundi twende hospitali mjini apimwe. Alikubali, nadhani kwa sababu nilimwandikia. Walimweka katika chumba kisicho na sauti yoyote ila ile waliyoitaka wao, wakamvisha vidude masikioni, akaambiwa abonyeze kitufe kila atakaposikia mlio. Alibonyeza mara zote. Muuguzi alisema masikio yake ni ya kijana. Nilirudi Kibera na karatasi hiyo mfukoni kama mtu aliyeshinda kesi.

Mama Mboga aliisoma, akaikunja.

"Hii iweke chini ya godoro, Mwalimu."

"Kwa nini? Ni ukweli, Mama. Wanamwita kiziwi na si kiziwi."

"Kiziwi anasamehewa. Ukiwaambia anasikia, atakuwa nani sasa?"

Nikamjibu kwamba ukweli haujawahi kumdhuru mtu asiye na hatia. Nakumbuka sentensi hiyo kwa usahihi kwa sababu niliipenda nilipokuwa nikiisema.

Jumapili, baada ya ibada, niliomba nafasi ya matangazo. Nikasimama nikaeleza kwamba ndugu yetu amepimwa, kwamba masikio yake ni mazima kabisa, na kwamba tuache kumwita jina lisilo lake. Nilitarajia makofi. Badala yake Mwenyekiti akainuka polepole.

"Kwa hivyo anasikia."

"Anasikia vizuri sana," nikasema.

"Hata Jumanne ile alisikia."

Kabla sijajibu, mjane wa yule marehemu alisema akiwa amekaa, bila kupaza sauti, "Mimi nilisimama mlangoni kwake nikilia. Nikamwambia mzee amekufa. Akaniambia leta uzi. Kumbe alikuwa ananisikia."

Watu wote waligeuka kulitazama dirisha. Fundi alikuwa nje kwenye kigogo chake, Biblia magotini, akaona nyuso zote zimemgeukia kwa pamoja. Minong'ono ilikuwa imeanza. Mwenyekiti alikwenda hadi dirishani na kumuuliza mbele yetu, "Fundi, ni kweli ulikuwa unatudharau?"

Fundi alizitazama nyuso, akatazama mdomo wa Mwenyekiti, akasema haraka, "Sawa."

Kofia ilikuwa kichwani. Niliiona. Nilikuwa mtu pekee mle ndani, mbali na mkewe, aliyejua maana yake, na maneno hayakunitoka. Mama Mboga alisimama, akatoka nje, akagonga kigogo mara mbili, akamchukua wakaenda nyumbani.

Hakuna aliyemtukana baada ya hapo, wala hakuna aliyevunja kitu chake. Nyuzi tu ziliacha kuja. Matanga yaliendelea, magari yaliendelea kuondoka, na majeneza yaliletwa kutoka kwa fundi wa ng'ambo ya pili ya reli, aliyepokea vipimo kwa mdomo. Fundi aliwaona wakipita nayo mbele ya meza yake. Alitengeneza vitanda kwa miezi kadhaa, kisha mkokoteni ukaja.

Nilirudi chuoni kusomea elimu ya watoto wenye mahitaji maalumu. Sitajisifu kwamba nilifanya hivyo kwa ajili yake, ingawa kila somo lilinirudisha kwake. Mmoja wa waliotufundisha alikuwa daktari, mama mtu mzima aliyeshughulika na watoto wasiozungumza au wanaozungumza kwa namna yao. Siku moja nilimsimulia habari za uzi, kofia na treni. Aliacha kukusanya karatasi zake. Akauliza mtu huyo ana umri gani, nikasema hamsini na kitu. Akasema, "Watoto hawa hukua, Mwalimu. Ila tukiwaona wamekua hatuwatambui." Akataka kumwona.

Tulikwenda Kawangware Jumapili moja asubuhi, na baada ya hapo akaenda mara mbili nyingine. Hakumvisha chochote masikioni. Alizungumza naye redio ikiwa imezimwa, kisha ikiwa imewashwa, kisha mimi nikiwa nazungumza na Mama Mboga pembeni. Aliuliza kuhusu utoto wake, kuhusu nguo asizoweza kuvaa, kuhusu jinsi anavyopanga misumari. Siku ya tatu alimweleza, akiwa ameketi mbele yake, sentensi moja moja, kwamba masikio yake huleta kila sauti ndani, lakini kazi ya kuzichambua, hii ni maneno, hii ni kijiko, hii ni jirani, ndiyo inayomwelemea. Na kwamba hilo ni sehemu ya hali kubwa zaidi aliyozaliwa nayo. Akaitaja kwa Kiingereza. Kwa Kiswahili nimesikia watu wachache wakianza kuiita usonji. Akasema si ugonjwa wa kupona wala laana ya kuondolewa.

Fundi alimrudishia maneno yake, karibu yote, kama alivyofanya na rafu tatu za Jumamosi. Kisha akauliza, "Hao watoto, mnawapa dawa gani?"

"Hatuna dawa," daktari alisema. "Tunawapa utulivu. Tunawapa muda. Tunawaandikia na kuwachorea."

Fundi alifikiri. "Hivyo nilijipa mwenyewe."

Akamwomba daktari aandike lile jina la hali yake kwenye karatasi. Aliisoma herufi moja moja, akaikunja, akaushusha mkebe wa rangi kutoka kwenye rafu na kuitia humo pamoja na nyuzi.

Mama Mboga alitusindikiza hadi barabarani. "Sasa unajua," aliniambia. "Na wale wa Laini Saba bado hawajui."

Mara ya mwisho nilipomwona ilikuwa likizo ya Agosti iliyopita. Karakana yake iko nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, karibu na steji ya matatu ya namba 56, na ameichagua kwa sababu ambayo ilinichekesha nilipoielewa: ukuta mmoja unapakana na mashine ya kusaga unga. Wapangaji wengine waliikimbia nafasi hiyo. Yeye aliitaka. Mashine husema kitu kimoja kutwa nzima, na hufunika makanga, wahubiri na wauza kanda wa steji yote.

Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa nimetunga maneno yangu ya kuomba radhi na kuyarudia njia nzima kwa miguu kutoka Kibera. Nilimkuta akipiga randa ubao mpana wa meza. Nikasimama mbele yake nikayasema yote, kwa utaratibu, kwa moyo wangu wote: kwamba nilimtangaza kwa watu bila ruhusa yake, kwamba nilikuwa na karatasi nikadhani nina ukweli, kwamba siku ile dirishani nilijua na nikanyamaza.

"Sawa," alisema, haraka, na randa ikaendelea.

Kofia ilikuwa kichwani. Nilikuwa nimemjua kwa miaka saba, nilikuwa na cheti cha pili, na nilikuwa nimeiomba radhi mashine ya kusaga unga.

Penseli yake ilikuwa mezani. Niliichukua nikaandika kwenye ubao uliokuwa mbele yetu, kwa herufi kubwa: NILISEMA UNASIKIA. SIKUJUA NINASEMA NINI. NILIKUONA UMEVAA KOFIA NIKANYAMAZA. NISAMEHE.

Alimaliza mpigo. Akaweka randa chini. Akavua kofia, akaishika kifuani, akasoma, midomo yake ikicheza. Alisoma mara mbili. Nilingoja. Kisha akasema, "Hii ni mbao ya mteja."

Akarudisha kofia kichwani, akaishika randa, na kwa mipigo mitatu maneno yangu yakajikunja yakaanguka sakafuni pamoja na takataka nyingine za mbao. Akainama chini ya meza, akatafuta, akanipa kipande cha msonobari kisicho na kazi. Akavua kofia tena. "Andika hapa," alisema. "Andika na siku. Andika na ni nani alisema."

Nikaandika upya, nikatia tarehe, nikatia jina langu. Alikipokea kipande, akanisomea kwa sauti kila neno, pamoja na jina na tarehe. Akanyamaza. "Sawa," alisema, polepole.

Nikadhani tumemaliza. Yeye alitoboa tundu kwenye kona ya kile kipande, akapitisha uzi, akakitundika kwenye msumari juu ya meza, pale anapotundika kazi zinazosubiri. Kulikuwa na karatasi mbili nyingine hapo, ya kabati na ya kitanda.

"Kwa nini umekiweka huko?" nikauliza.

Alinitazama mdomo hadi nilipofunga. "Mimi umeniambia. Wale hujawaambia. Kazi haijaisha."

Mama Mboga, aliyekuwa mlangoni na kikapu, alisema tu, "Umeona?"

Basi nawaambia. Mtu yule hakuwadharau. Jumanne ile hakuyapata maneno ya Mwenyekiti, na mjane alipolia mlangoni pake, alimjibu kwa neno pekee alilokuwa na hakika nalo, neno ambalo lilimaanisha kwamba ameanza kumshughulikia. Aliyewapotosha ni mimi.

Na wewe msomaji, hasa ukiwa mtu wa Laini Saba, nina ombi moja. Ukifika kwake, au kwa mtu yeyote aliye kama yeye, ngoja avue kofia. Simama akuone mdomo. Sema jambo moja, kisha nyamaza. Akikujibu "sawa" upesi, usiondoke. Mwandikie.